Kupima maumivu ya mnyama baada ya upasuaji: mwongozo kwa anayeanza utafiti

Wanafunzi wa tiba ya wanyama wanaoingia kwa mara ya kwanza kwenye utafiti wa dawa za usingizi na za kutuliza maumivu huuliza maswali yale yale. Nitajuaje kama mbwa huyu ana maumivu au bado amelewa dawa? Nitumie kipimo gani? Na nikimwona anateseka katikati ya jaribio, nimpe dawa au nitakuwa nimeharibu data?

Swali la mwisho nalijibu hapa hapa: mpe dawa. Mpango mzuri wa utafiti huitengea dozi hiyo nafasi yake mapema, na hatua ya 7 inaeleza namna. Hayo mengine tuyafuate kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nadharia ni kidogo tu. Mnyama aliyetulia si lazima awe mnyama asiye na maumivu. Asepromazini humtuliza mbwa vizuri lakini haimwondolei maumivu. Isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvutwa kwa pumzi, humlaza fofofo, ila akizinduka atakuta maumivu yanamsubiri kama hukumpa kitu kingine. Zailazini na deksimedetomidini hutuliza na pia hupunguza maumivu, lakini nafuu huisha mapema na usingizi ukaendelea, na hapo ndipo wapimaji wengi hudanganyika. Tena, kutosema si kutohisi: chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020 kiliandika wazi kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano wa binadamu au mnyama kuwa na maumivu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kibali cha maandishi cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Kama wanyama wana wenyewe, pata na ridhaa ya kila mwenye mnyama, iliyotiwa saini baada ya kuelezwa kila kitu.
- Daktari wa wanyama mwenye mamlaka ya kuamua na kutoa dawa, awepo muda wote wa jaribio. Kuwa na namba yake ya simu hakutoshi.
- Kipimo cha maumivu kilichothibitishwa kwa aina ya mnyama wako.
- Wapimaji wawili au zaidi, waliofundishwa pamoja.
- Kamera yenye kisimamio, na mahali ambapo mnyama anaonekana uso wake bila kusumbuliwa.
- Fomu zilizochapishwa, zenye nafasi ya saa halisi ya kila kipimo.
- Dozi ya dharura ya kutuliza maumivu, iliyokwisha kokotolewa kwa uzito wa kila mnyama na kuandikwa juu ya fomu yake.

Kitu cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Saa nane usiku, mnyama akiwa anatetemeka, si wakati wa kutafuta kikokotoo.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali moja, na ulinganishe tiba na tiba.

Swali zuri ni kama hili: je, mbwa jike wanaotolewa kizazi, wakichomwa bupivakeini (dawa ya ganzi) kwenye mstari wa mkato pamoja na meloksikamu (dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe), huhitaji dozi chache za dharura ndani ya saa 24 kuliko wanaopata meloksikamu peke yake? Hapo kuna mnyama, upasuaji, tiba mbili, kitu kinachohesabika na muda.

Usiweke kundi la wanyama waliopasuliwa wasipewe chochote cha kutuliza maumivu. Tayari tunajua kwamba mkato unauma, hivyo kundi hilo halitufundishi kitu. Wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch walishaweka msingi wa jambo hili mwaka 1959: tumia njia isiyohitaji mnyama pale inapowezekana, punguza idadi yao, na boresha taratibu ili wateseke kidogo iwezekanavyo. Kama kamati ya maadili itakurudishia mpango wako, mara nyingi itakuwa kwa sababu ya mojawapo ya hayo matatu.

Angalizo juu ya dawa zenyewe: usihamishe dozi ya mnyama mmoja kwenda kwa mwingine, wala ya binadamu kwenda kwa mnyama. Parasetamoli humuua paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Ng'ombe huhitaji zailazini kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya anayopewa farasi kwa uzito uleule. Na madhara yanaweza kuvuka mnyama uliyemtibu. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba tumbusi wa Asia Kusini walikuwa wakifa kwa wingi kwa kula mizoga ya mifugo iliyopewa diklofenaki, dawa ya maumivu iliyowaharibu figo. India, Nepal na Pakistan zilichukua hatua ya kuizuia kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu ikashika nafasi yake baada ya kuonekana haiwadhuru ndege hao. Unapochagua dawa ya kutafiti kwa mifugo, fikiria na mzoga utakwenda wapi.

2. Chagua kipimo cha mnyama huyo.

Usijitungie kipimo chako. Kutunga kipimo na kukithibitisha ni utafiti mwingine kabisa, unaochukua miaka.

Kwa mbwa, kinachotumika sana ni kile cha Chuo Kikuu cha Glasgow, toleo fupi la mwaka 2007. Kinaangalia sauti, namna anavyoshughulikia kidonda, mwendo, anavyoitikia akiguswa, hali yake kwa jumla na mkao. Jumla ni alama 24. Akifika 6 anahitaji dawa. Kama haruhusiwi kutembea, kwa mfano amevunjika nyonga au ana tatizo la uti wa mgongo, sehemu ya mwendo inarukwa, jumla inakuwa 20 na kikomo kinakuwa 5.

Kwa paka kipo cha uso, kilichotolewa Chuo Kikuu cha Montréal mwaka 2019. Unatazama masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na kichwa kilivyo ukilinganisha na mabega. Kila sehemu inapewa 0, 1 au 2, jumla 10, na dawa inatolewa kuanzia alama 4. Ninakipenda kwa sababu hakihitaji kumgusa paka, na paka mwenye hasira baada ya upasuaji hagusiki.

Panya wa maabara ndio waliofungua njia ya vipimo vya uso, mwaka 2010. Sungura walifuata 2012 na farasi 2014. Kila kimoja kina picha zake za mfano, na hizo ndizo za kufundishia, si maelezo ya maneno peke yake.

3. Wafundishe wapimaji mpaka wakubaliane.

Kusanya picha na video za wanyama ambao hawamo kwenye jaribio lako: wazima, waliotoka kupasuliwa, waliolala usingizi wa kawaida. Kila mpimaji aweke alama peke yake, kisha mlinganishe. Mnapotofautiana, rudini kwenye picha ya mfano, msipige kura. Rudieni picha zilezile baada ya wiki mbili, zikiwa zimechanganywa upya, mwone kama kila mtu anakubaliana na nafsi yake pia. Matokeo ya zoezi hili yaingie kwenye ripoti, na mtaalamu wa takwimu atakuonyesha namna ya kuyakokotoa.

4. Gawa makundi kwa nasibu, na uwafiche wapimaji.

Mpangilio wa nasibu utoke kwenye kompyuta, uwekwe kwenye bahasha zilizofungwa, na afungue mtu ambaye hatapima maumivu. Yeye ndiye avute dawa kwenye bomba la sindano. Ujazo uwe sawa kwa makundi yote na rangi isitofautiane.

Halafu kagua vitu vidogo vinavyofichua siri. Tuseme kundi moja linachomwa sindano ya ganzi kwenye uti wa mgongo: watanyolewa kiunoni, na mpimaji atawatambua kwa mbali hata kama hukumwambia. Basi wanyoe wote, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Bandeji nayo ni hivyo hivyo.

5. Pima kabla ya dawa yoyote.

Alama ya kabla ya upasuaji ndiyo itakayokuambia mnyama huyu ni wa namna gani akiwa mzima. Yupo mbwa mwoga anayejikunja pembeni na kugeuza uso kila siku ya maisha yake. Yupo paka ambaye masikio yake yamelala kwa hasira tangu alipotolewa kwenye boksi. Mpe muda wa kuzoea chumba kwanza, kisha pima. Ukiruka hatua hii, kila woga utauhesabu kuwa maumivu.

6. Pima baada ya upasuaji, kwa mpangilio huu huu kila mara.

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Panga saa mapema: kwa mfano dakika 30 baada ya kuzinduka, kisha saa 1, 2, 4, 6, 8, 12 na 24. Saa za mwanzo zikaribiane kwa sababu ndipo mambo hubadilika haraka.

Simama mbali kwanza. Usimwite jina, usigonge kizimba, usitoe sauti. Mtazame kwa dakika mbili hivi. Amelalaje? Mbwa mwenye maumivu ya tumbo mara nyingi hulala kifua chini akiwa amekaza mgongo, au hubadilisha mkao kila mara asipate wa kumfaa. Analiangalia jeraha? Analilamba? Tazama tumbo linavyopanda na kushuka: pumzi fupi fupi za juu juu humaanisha anajizuia kulitanua. Andika alama za sehemu hii kabla hujasogea hata hatua moja, maana mbwa wengi wakimwona mtu hutikisa mkia na kusahaulisha kila kitu ulichokiona.

Kisha fungua mlango, mwite kwa upole, umtoe kwa kamba atembee hatua chache. Angalia anavyoinuka: anainuka kwa mara moja au anasukuma mbele kwanza, anasita, ndipo anavuta nyuma?

Kugusa ndiko kwa mwisho. Usianzie kwenye kidonda. Weka kiganja begani au shingoni, mwache akuzoee, telezesha mkono taratibu kuelekea kwenye mshono, ukandamize kwa wepesi pembeni yake, umbali wa sentimita 5 hivi kuuzunguka. Shingo yako iwe imegeukia uso wake, si kidonda. Jibu liko usoni: anageuza kichwa ghafla, anakaza midomo, anashikilia pumzi, anaguna, anataka kuuma. Mkono wako nao utahisi misuli ya tumbo ikikaza kabla sauti haijatoka. Nguvu ya kukandamiza iwe ile ile kwa kila mnyama, na ikiwezekana mpimaji awe yule yule kwa mnyama yule yule.

Ukimaliza, jumlisha alama papo hapo. Usiache kujumlisha mpaka jioni, kwa sababu jumla ndiyo inayoamua kama anahitaji dawa sasa.

Kwa paka, anza na picha au video fupi ya uso akiwa macho, wakati hali chakula wala hajilambi. Paka aliyelala usingizi asiamshwe kwa ajili ya alama ya uso tu, subiri kidogo. Na usihesabu mikoromo yake ya raha kuwa ushahidi wa nafuu: paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu makali.

7. Toa dozi ya dharura alama ikifika kikomo.

Papo hapo. Usisubiri kipimo kinachofuata uone kama itashuka, wala usipige simu kumwuliza msimamizi wa utafiti kama inafaa. Kikomo kimeandikwa kwenye mpango, kamati imekipitisha, basi daktari atoe dawa. Na kama alama iko chini ya kikomo lakini daktari anayemwona mnyama anaamini anateseka, atoe vilevile, aandike sababu.

Sasa kuhusu data. Mnyama aliyepewa dozi ya dharura ameshakupa jibu: tiba aliyokuwa nayo haikumtosha, na unajua ilimwisha saa ngapi. Kwa hiyo, kwenye mpango, fanya "muda mpaka dozi ya kwanza ya dharura" au "idadi ya waliohitaji dozi" kuwa kipimo chako kikuu. Endelea kumpima mnyama huyo kwa ajili ya afya yake, ila alama zake za baadaye usizichanganye na za wenzake kana kwamba hakupewa kitu. Zitaonyesha nafuu ambayo tiba yako haikuileta. Namna ya kuzishughulikia iandikwe kabla jaribio halijaanza.

8. Usimwache mnyama anayezinduka.

Shauku ya utafiti huwa kwenye chumba cha upasuaji, na wengi wakishatoa mpira wa kupumulia huona kazi imekwisha. Takwimu zinasema vingine. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na usingizi na utulizaji vikiwa takriban asilimia 0.17 kwa mbwa, 0.24 kwa paka na 1.39 kwa sungura, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea baada ya upasuaji, hasa saa tatu za mwanzo. Kwa hiyo mtu akae naye. Andika pumzi, mapigo, rangi ya fizi na joto la mwili pamoja na alama ya maumivu. Mnyama aliyepoa hutetemeka na kujikunyata, na ukimtazama kwa haraka utaandika maumivu kumbe anahitaji blanketi.

9. Funga data, kisha ndipo ufungue bahasha.

Alama zote ziingizwe na kukaguliwa kabla mtu yeyote hajajua kundi A ni lipi. Kumbuka pia kwamba alama hizi ni za ngazi: tofauti kati ya 2 na 4 si lazima iwe sawa na kati ya 6 na 8, hivyo usikimbilie wastani wa kawaida, tumia thamani ya katikati na mbinu zinazofaa data za namna hiyo. Unapoandika ripoti, fuata ARRIVE, mwongozo wa kuripoti utafiti wa wanyama uliotolewa 2010 na kuboreshwa 2020. Una mambo 10 ya lazima, na ukiusoma mwanzoni badala ya mwishoni utakuokoa na mengi.

Mambo yakienda kombo

*Mbwa anapiga kelele mfululizo dakika chache baada ya kuzinduka.* Inaweza kuwa maumivu, inaweza kuwa kuchanganyikiwa kwa sababu ya dawa za kundi la mofini au kuzinduka kwenyewe. Mguse karibu na mshono. Mwenye maumivu kwa kawaida huitikia mguso, na hutulia kwa muda ukimbembeleza. Aliyechanganyikiwa mara nyingi hajali kidonda wala hajali wewe, anatazama hewani tu. Ukiwa na shaka, daktari ampe dawa ya maumivu kwanza na mwone linalofuata.

*Paka amefumba macho nusu na alama imepanda, lakini mengine yote ni sawa.* Angalia kama alipakwa mafuta ya macho wakati wa upasuaji. Mafuta hayo humfanya akunje macho kwa muda. Yafute taratibu, msubiri, pima tena, na uandike kwenye fomu. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, nayo humpa paka mtazamo wa kukodoa na misuli kukaza. Muda wa kipimo cha kwanza uzingatie hilo.

*Kila mnyama ana alama sifuri.* Huenda tiba zote mbili zinafanya kazi vizuri, na hilo ni jema kwa wanyama. Lakini kwanza kagua kama mnawapima wakiwa bado wamelewa. Ongeza safu ya alama ya usingizi pembeni ya alama ya maumivu. Usingizi ukiwa juu, alama ndogo ya maumivu isiaminiwe.

*Farasi au ng'ombe anaonekana mzima kila mnapoingia.* Wanyama wanaowindwa huficha udhaifu mbele ya watu. Tegemea video iliyochukuliwa bila mtu ndani ya chumba, na linganisha na alama za ana kwa ana.

*Panya hawaonyeshi maumivu mpimaji fulani akiwepo.* Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill walionyesha kwamba harufu ya mwanamume huwatia panya msongo unaopunguza dalili zao za maumivu. Wape muda wa kuzoea baada ya mtu kuingia, tumia mpimaji yule yule kwa makundi yote, na kwenye ripoti taja jinsia ya wapimaji.

*Wapimaji wawili wameanza kutofautiana katikati ya jaribio.* Usibadilishe alama zilizokwisha andikwa. Rudini kwenye picha za mfano za hatua ya 3, andikeni tarehe mliyofanya hivyo, kisha endeleeni. Kama tofauti inaangukia kwenye kikomo, mmoja akiandika 5 na mwingine 6, mnyama apewe dawa kwa ile kubwa.